Ile Dawa ya Kutapika

Mwanangu, nakumbuka Ijumaa moja huko Mbita, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye elimu ya kidato cha pili na ndoto kubwa za uuguzi. Nilifanya kazi katika duka la dawa la Mzee Salim, mtu wa Lamu, karibu na kivuko cha feri. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga maboksi na kuuza sabuni. Dawa aliuza mwenyewe. Lakini wateja walishaanza kuniita daktari, nami nikawa natembea kama niliyevaa koti jeupe tayari.

Mzee alikuwa msikitini wakati Mama Atieno, muuza omena, dagaa wa ziwani, alipoingia mbio.

"Daktari, nipe ile ya kuzuia kutapika. Ile mzee wangu alipewa juzi."

"Ni yeye tena?"

"Ni Atieno. Malaria imemshika, hata uji haukai tumboni. Fanya haraka bana, feri ndiyo hiyo inaingia!"

Nikampa vidonge vile vile vya mumewe. Nikamwambia ampe kimoja kila akitapika. Atieno nilimjua, mtoto mwembamba wa darasa la saba, na bado mkono wangu haukusita. Mzee Salim alikuwa ameniambia siku moja kwamba dawa ile si ya kumpa mtoto hivi hivi, inaweza kumvuta shingo. Siku hiyo nilikuwa namwitikia huku akili iko kwenye ndoto zangu.

Kesho yake asubuhi nikasikia vilio kwa kina Atieno, nikakimbia. Shingo ya Atieno ilikuwa imepinda, taya limekaza, macho yameganda yakitazama mabati. Hakuweza kusema, ila machozi yalimtoka. Watu wa kanisa walikuwa wakiomba. Bibi yake alisema ni juogi, mapepo ya ukoo, apelekwe kisiwani kwa mganga. Boti ilishatafutwa. Kando ya godoro niliona karatasi ya vidonge, tupu.

"Daktari, ingia," mama yake akaniambia. "Wewe umesoma. Tusaidie."

Nikasimama pale mlangoni. Niliwaza kazi yangu, nikawaza aibu. Nilinyamaza mpaka wanaume wakaingia kumbeba kwenda ziwani.

"Si juogi," nikasema. "Ni mimi. Ni vidonge nilivyouza."

Mama Atieno akainama kando ya godoro. Aliokota ile karatasi, akawaambia wanaume wageuze njia, waende hospitali.

Hospitalini sista aliisoma karatasi, akamdunga Atieno sindano, na kabla chai haijachemka shingo ilikuwa imeanza kurudi. Wakamwekea maji ya mshipa na dawa ya malaria. Kisha sista akaniita nje.

"Mama mjamzito anatapika. Msafiri wa feri anatapika. Mtoto wa malaria anatapika. Wewe unaona ni kitu kimoja? Huyu hakuhitaji kidonge chako, alihitaji kuletwa hapa jana."

Nililia. Lakini kilichonichoma zaidi ni Atieno, aliponiambia kwa sauti ya kukwaruza, "Dada, nilisikia mama akikuita. Mbona ulinyamaza?"

Swali hilo nilitembea nalo kila siku niliyovaa sare ya uuguzi Homa Bay, hadi nikastaafu.

Basi mwanangu, wewe unayeanza kazi hii, mtu akikuomba dawa ya kutapika, kwanza uliza ni ya nani. Ana miaka mingapi? Ana mimba? Ameanza lini, na amemeza nini kingine? Kilichomfaa baba kinaweza kumwumiza binti yake. Mtoto asiyebakisha hata maji tumboni, au anayetapika damu, usimuuzie kitu, mwelekeze hospitali mara moja. Na ukikosea, sema pale pale, hata mdomo ukitetemeka, kwa sababu mgonjwa analala pale akikusubiri.

Mungu akupe sikio la kuuliza na ulimi usioogopa. Na kila utakayemhudumia arudi kwao kwa miguu yake mwenyewe.