Mahindi ya Magadi Kwenye Ndoano

Baba alikuwa ameshatundika begi lake kwenye msumari wa mlango. Tulijua maana yake: Agosti ikiisha bila samaki, angerudi Githongo kwa kibarua cha kahawa, na tungemwona tena Krismasi. Mwaka uliotangulia alienda hivyo hivyo. Nilichoka kumngoja mpaka nikaacha kuandika siku za kumngoja kwenye daftari langu.

Nilikuwa kidato cha pili, shule zimefungwa. Kila asubuhi tulishuka hadi bwawa la Kiambere, yeye mbele na ndoano zake, mimi nyuma na jembe. Jembe lilikuwa la kuchimbia chambo. Tulikuwa tunatafuta kapu, yule samaki mnene wa magamba makubwa anayefyonza matope kama mtu anayekunywa uji wa moto. Baba aliamini minyoo tu. Mwezi wa nne minyoo haina shida, unainua kinyesi cha ng'ombe kilicholowa na unaokota. Novemba, mvua ya kwanza ikipiga, kumbikumbi wanaanguka wenyewe na samaki anawameza bila kuuliza. Lakini Agosti ya huku kwetu Mbeere ni upepo, vumbi na baridi isiyo na mvua. Tulichimba ukingoni, hata nyumbani kando ya migomba pale mama humwaga maji ya vyombo, saa nzima, tukapata minyoo minne myembamba kama uzi. Hakuna samaki aliyeisogelea.

Kijana mmoja mwenye nyavu alikuwa akipita na mtumbwi wake, kila siku anamwuliza baba, "Mzee, leo ni kuvua ama ni kulima?" Siku ya kwanza baba alicheka. Siku ya tano hakuinua kichwa.

Kusema ukweli, mimi nilikuwa nimeona kitu tangu wiki ya kwanza. Pale wanawake wanapooshea sufuria, makombo ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, yakianguka majini, viputo vilipanda kutoka chini, vingi, mfululizo. Huyo ni kapu anachimbua matope. Nilijua na sikusema. Hata darasani mimi ni yule anayejua jibu na anaangalia dawati. Tena kwetu chakula kilichopikwa hakitupwi, sembuse mwaka ambao ndengu zilikauka shambani. Mama angeona ni kumkufuru Mungu.

Basi nikaanza na sahani yangu. Nilikula maharagwe, mahindi nikayatia mfuko wa sweta. Bwawani, baba alipojilaza kidogo, nikatunga punje mbili kwenye ndoano yake na kurusha. Ikarudi tupu. Nikatunga tena, tupu. Si kwamba yaliliwa. Yalikuwa yanameguka tu yakigusa maji. Mama hupika githeri na magadi kwa sababu baba amebaki na meno ya upande mmoja, na magadi hulainisha mahindi mpaka hayahitaji meno. Siku tatu nilishinda njaa nikilisha bwawa.

Siku ya nne baba aliamka mapema kutoka usingizi wake wa pale bwawani. Alivuta uzi, akaona punje iliyopasuka kwenye ndoano.

"Hii ni nini, mami?" Ndivyo anavyoniita mimi bintiye.

Nikamwambia yote nikiangalia viatu vyangu: viputo, sweta, magadi. Sauti ilikuwa inaisha kabla sentensi haijaisha. Nilingoja anigombeze. Yeye alikuwa anatazama pale nilipokuwa nikirusha. Viputo vilikuwa vinapanda hapo. Githeri ya siku tatu ilikuwa imewazoesha kuja.

"Mwambie mama yako kesho asitie magadi."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitatafuna polepole."

Mama alinung'unika sana, akauliza tangu lini samaki amekuwa mgeni wa kupikiwa. Lakini alipika bila magadi. Sisi tulimaliza kula, nikaosha vyombo, na baba bado alikuwa anatafuna, kiganja kwenye shavu. Hakulalamika. Nilitamani alalamike, ingekuwa rahisi kwangu.

Siku iliyofuata, kabla ya saa sita, tulivua kapu wawili, mmoja mrefu kama mkono wangu. Baba aliketi chini, akafunga macho, samaki wakipigapiga mikia kwenye majani. Mwenye mtumbwi alipopita aliacha kupiga kasia, akawahesabu samaki kwa macho.

Najua mvua ikirudi ataamini minyoo tena. Halafu Agosti nyingine itakuja na itabidi niseme tena, na kusema kunanichosha kuliko kuchimba.

Jumatatu niliamka nikakuta msumari wa mlango uko wazi, begi halipo. Nikakimbilia mlangoni. Nilipotoka nje, baba alikuwa uani anakung'uta vumbi kwenye begi. Akamimina ndani mahindi magumu kutoka kwenye sufuria, akafunga zipu, akanipa nibebe. Mabega yalikuwa yananiuma tangu jana kwa kurusha ndoano. Nililibeba. Tukashuka bwawani, jembe tukaliacha nyumbani.