Kwenda Magu Kumpima Mtani

Safari nzima imenigharimu shilingi elfu kumi na moja za nauli, soksi moja iliyobaki kwenye tope la Kisesa, na uhakika niliokuwa nao kwamba najua utani unaishia wapi. Nimehesabu mara mbili. Nauli na soksi nimesamehe. Hicho cha tatu ndicho kinachonifanya niwaandikie huko nyumbani Kisarawe.

Kilichonileta Mwanza mnakijua. Baada ya udaktari, na baada ya ubingwa wa magonjwa ya akili, nikaona bado sijachoka, nikaja kusomea ubongo na tabia: yaani kwa nini mtu mpole akiugua kichwani anageuka mkali, au bahili anaanza kugawa mali. Mama alisema ni masomo mengi kwa mshahara uleule. Mama amekaa gengeni miaka mingi, hesabu zake hazina shida.

Mwezi uliopita tulimpokea kliniki mfanyabiashara wa mpunga kutoka Magu. Nitamwita Masalu, si jina lake, na mkewe ameniruhusu kusimulia. Huyo mke, tumwite Nkwimba, alikuwa amerudi kwa mama yake Bujora kwa sababu siku hizi mumewe anamwaibisha mbele za watu. Jumapili hii wazee wa pande zote mbili wanakaa. Kama Masalu ni mgonjwa, mke arudi amuuguze. Kama ni mzima mwenye dharau, ndoa ivunjwe na ng'ombe wa mahari warudishwe. Wanasubiri neno la hospitali, na kulitafuta hilo neno nimeachiwa mimi.

Maana kliniki tulitoka mikono mitupu. Masalu alichora saa vizuri kuliko mimi, akakumbuka maneno yote aliyopewa, akahesabu kurudi nyuma mpaka akaambiwa basi, imetosha.

"Hapa amevaa tabia ya hospitali," mwalimu wetu akasema. "Mfuate anakoishi."

Jana asubuhi nikatoka Pasiansi, hapa Mwanza ninakoishi. Dereva wa gari dogo la Magu akanitajia bei ya wageni.

"Wa huku wanalipa ngapi?" nikamuuliza.

Akataja.

"Basi leo mimi ni wa huku."

"Dada, hiyo lafudhi yako inakukataa."

"Lafudhi hailipi nauli."

Akacheka, tukaondoka kwa bei ya wa huku.

Saa nne, Magu. Nilimkuta Masalu nje ya stoo yake, ameketi juu ya gunia. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba hakuitoa.

"Mzaramo! Leo ngoma imelala, ukaona uje ufanye kazi?"

Mnajua sheria. Msukuma ni mtani wetu. Anaweza kukuvua kofia msibani na huna pa kushtaki. Na mtani sharti ajibiwe. Nikamwambia nimetumwa kuangalia kama michembe, vile viazi vyao vya kukausha, imempanda kichwani. Wabeba magunia wakaangua kicheko. Akasema Mzaramo akiuguliwa hutafuta mpiga ngoma kabla ya daktari. Nikasema Msukuma akinunua kiatu hukibeba mkononi kisichakae. Akachukua chai niliyokuwa nimeletewa, akainywa yote. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Tangu nije huku sijatukanwa vizuri namna ile.

Kufika saa sita nilikuwa nimeshaamua. Nikampigia mwalimu. "Mzima. Ni mtani tu."

"Mtani wa nani?"

"Wangu."

"Sasa umempima," akauliza, "au umestarehe?"

Masalu, aliyekuwa akisikiliza bila kujificha, akasimama. "Twende Bujora nikamchukue mke wangu. Huko utaona nani mgonjwa."

Njiani nilianza kuchanganyikiwa. Tulipopita mashamba ya mpunga akaniuliza kama ngoma imelala. Tulipokaribia Kisesa akauliza tena, kwa sauti ileile, na kicheko kikaja mahali palepale. Kila nilipomjibu, macho yake yalikuwa dirishani. Nikarudisha hesabu ya asubuhi, kisha nikairudia: majibu yangu yote, hakuna hata moja alilolipokea. Waliocheka walikuwa wabeba magunia. Mimi nimekulia kwenye kupatana bei, na najua mtu anayetaja bei yake bila kusikia ya mwenzake hauzi kitu. Lakini wakorofi wazima nao si wako hivyo? Tuliposhuka Kisesa kubadili gari, nikiwa bado nawaza, ndipo tope likachukua soksi yangu, na kiatu nikakichomoa kwa shida.

Saa tisa, Bujora. Mama mkwe alikuwa uani, sahani ya viazi mapajani. Kwa Wasukuma, kama kwetu, mama mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali: mkwewe wa kiume husimama pembeni, hamkazii macho, na kula mbele yake hathubutu. Nikatulia nione Masalu atasimama wapi.

Hakusimama. Alikwenda moja kwa moja, akaketi bega kwa bega naye, akachukua kiazi kwenye sahani yake.

"Mama, umezeeka," akasema, akitafuna. "Fungua mdomo tuhesabu meno yaliyobaki."

Hakuna aliyecheka. Yeye alicheka peke yake, na aliendelea kucheka. Nikamtazama Nkwimba mlangoni. Nilitegemea hasira, nikakuta hofu. Mama mkwe alikuwa na haki ya kuinuka na kuingia ndani. Badala yake aliisogeza ile sahani upande wa mkwewe.

"Kula, baba," akasema taratibu.

Jua likielekea kuzama, Nkwimba alinisindikiza barabarani. Nilimwambia ninavyoona: huu ni ugonjwa, sehemu ya ubongo inayomwambia mtu "hapa nyamaza" inalegea. Tumeomba picha ya kichwa, foleni ni ndefu, na dawa ya kuurudisha nyuma sina.

"Tangu lini?" akauliza.

"Ni vigumu kujua. Unakuja polepole."

"Daktari, huyu alinitongoza sokoni kwa kuwatukana kuku wa mama yangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulikuwa ugonjwa ule?"

"Hapana."

"Na mwaka juzi, aliposema mbele ya kanisa zima kwamba napika kama naadhibu watu?"

"Hapo sina uhakika."

"Nipe tarehe," Nkwimba akasema. "Ya kabla ya hapo aliyasema mume wangu, nitamdai. Ya baada ya hapo ni ya ugonjwa, nitayasamehe. Siwezi kumrudia mtu bila kujua ninasamehe kiasi gani."

Nimepatana bei na watu wa kila aina, lakini pale sikuwa na hata pa kuanzia. Nilirudi Pasiansi na soksi moja. Mwalimu nikamsimulia yote kwa simu; akasema nimejifunza kilichonipeleka Magu, na kwamba hata picha ya kichwa ikitoka haitakuwa na tarehe. Kisha akaaga.

Basi ndugu zangu, leo Ijumaa, keshokutwa wanakaa. Neno "mgonjwa" nitalipeleka. Hilo la tarehe limenishinda. Ninyi mmeishi na watani maisha yenu yote, mkazika nao, mkaozesha nao. Mtani wenu alipoacha kuwa mtani akawa mgonjwa, siku yenyewe mliijuaje? Na kama hamkuijua, yule mkewe mlimwambia nini? Nijibuni kabla ya kesho jioni.