Bajeti Iliyopitia Mlango wa Jikoni

Baba mkwe wangu ni mwanajeshi mstaafu, na kwa miaka tisa tuliishi uwanja mmoja kule Lufingo bila kusemezana. Hatukuwa na ugomvi wowote. Kwa mila za Kinyakyusa mkamwana haonani uso kwa uso wala hasemezani na baba mkwe, na ingawa siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, yeye hakuliacha. Akikaribia alikohoa, nami nikajibanza nyuma ya jiko. Nilizoea hata nikajua kikohozi cha njaa na kikohozi cha kuleta mgeni.

Tabu ni kwamba mimi ni mwalimu wa uchumi, na mzee ni mtu wa redio. Siku ya hotuba ya bajeti alikaa barazani, sauti ameifungulia yote, maana mizinga ya mazoezini ilimwachia masikio mazito. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi za kupika na nyama. Lilipotajwa fungu la ulinzi, akamtuma mama mkwe aje kuniuliza mwalimu anasemaje.

Mimi ukinichokoza hapo sinyamazi. Nikamweleza mama kwamba mshahara wa askari hauna neno, unarudi sokoni na kulisha watu. Ninachokilalamikia ni silaha za kununua nje: fedha ikishavuka mpaka imekwenda, na silaha yenyewe inakaa ghalani. Mbolea je? Mbolea inazaa viazi, viazi vinapakiwa kwenye lori, dereva anakula kwa mama lishe, na mama lishe anamnunulia mwanawe sare.

Mama alinisikiliza jicho likiwa kwenye sufuria. Kisha akatoka, akaufupisha mhadhara wangu wote kwa Kinyakyusa: mwalimu anasema askari wanakula bure.

Redio ikazimwa. Mchana ule mzee hakula. Kesho yake akaenda kula kwa mdogo wake, na keshokutwa vilevile. Nilikosa raha kabisa. Jasho lake la jeshini ndilo lililomsomesha mume wangu, na sasa anahama chakula kana kwamba nimemfukuza nyumbani kwake. Nilipombana mama aniambie alichosema, alinitajia bila wasiwasi wowote. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikalia kweli. Nikamsihi arudi akayaseme yote, asiruke hata kiazi kimoja.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa namenya ndizi, kikohozi kilisikika mlangoni pa jiko penyewe. Kabla sijapata pa kujificha, mzee alikuwa ameshanipa mgongo, uso ameuelekeza kwenye migomba.

“Mwalimu,” alisema, “bunduki niliyopewa niliibeba miaka yangu yote. Adui sikumpiga hata mmoja, maana hakuja. Hiyo katika somo lako unaiweka wapi, kwenye faida au kwenye hasara?”

Nilipekua kichwani kila kitabu nilichokisoma chuoni na kila daftari ninalofundishia. Kisu cha ndizi kilikuwa bado mkononi.

“Sijui, baba,” nikasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu niolewe. Aliguna kama mtu aliyeridhika, akaketi palepale kizingitini, mgongo bado kwangu, akaomba chakula.