Siku Mahakama Ilipokwenda Mizingani

Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu niapishwe kuwa hakimu wa wilaya, kule Isikizya, nilipoamua kuipeleka mahakama porini. Mpaka leo nikisimulia, moyo unanienda mbio.

Mshtakiwa alikuwa mama mfuga nyuki, mtu mzima wa rika la mama yangu. Jirani yake alidai kaibiwa mizinga sita. Akaleta picha zikionyesha alama yake nje ya kila mzinga, herufi mbili za rangi nyekundu. Mashahidi wake wote walisema hivyo hivyo. Zamu ya mama ilipofika, alisimama wima.

"Mheshimiwa, rangi mtu anaweza kupaka hata leo asubuhi. Twende ukaone ndani."

Mwendesha mashtaka akacheka. Mimi nilisisimka mwili mzima. Ndani! Mbona hakuna aliyewahi kuuliza?

Siku tuliyopanga, tulikwenda na gari mpaka barabara ikaisha, tukashika kijia katikati ya miombo. Mama alitangulia na kienge cha majani kikifuka moshi. Tulipofika, akapanda mti mwenyewe, kama msichana, akashusha mzinga wa kwanza kwa kamba, polepole.

Kabla haujafunguliwa nikamgeukia jirani. "Ndani kuna alama gani?"

"Ndani... kuna nyuki, mheshimiwa."

"Na wewe mama?"

"Misalaba miwili na mstari chini yake. Nilichoma kwa chuma cha moto, upande wa ndani wa mfuniko."

Mfuniko ukatoka. Misalaba miwili, na mstari chini yake! Nikataka kupiga kelele, nikakumbuka mimi ni hakimu. Nyuki nao wakatoka. Mwendesha mashtaka akatimua mbio, faili kichwani. Karani wangu akajifunika koti lakini akaendelea kuandika. Nilichomwa shavuni na kwenye vidole viwili. Sikuondoka. Tulifungua yote sita, na yote ilikuwa na alama ile.

Wiki iliyofuata nilisoma hukumu nikiwa bado nimevimba: mama hana hatia, mizinga ni yake. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na kwa mara ya kwanza sikuharakisha kuwanyamazisha watu.

Baadaye nilimkuta nje, nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitika, akinishika kidevu kunikagua shavu. "Wamekupenda hao!"