Sydney: Walinifundisha kubishana kwa Kiingereza, mama yangu akafunga mizigo

Nawasalimu wakuu wa jukwaa, na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuandika pia nawasalimu.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Majina sitaficha, maana wenyewe hawakunificha mimi.

Naanzia pale pabaya.

Nimetoka kazini kiwanda cha kuku, nanuka kuku. Nafungua mlango wa flati yetu hapa Auburn, namkuta mama yangu kwenye kiti karibu na mlango. Amevaa kitenge cha kanisani. Amevaa viatu ndani ya nyumba, yeye ambaye hutugombeza kila siku kwa ajili ya viatu. Begi liko miguuni. Na shingoni amening'iniza ule mfuko mweupe wa plastiki.

Kama ulishawahi kuwa mkimbizi unaujua mfuko huo. Kama hukuwahi, ni mfuko unaopewa siku ya kupanda ndege, una karatasi zako zote, unaambiwa usiuvue mpaka atakayekupokea aukute shingoni. Mama aliuweka chini ya godoro miaka yote hii.

Akaniambia, "Karibu, mwanangu. Nimejipanga. Ile nyumba ya wazee, tunaenda leo ao kesho?"

Sasa nirudi nyuma, muelewe tulifikaje hapo.

Mimi ni Mkongo wa Uvira. Shule niliacha darasa la tatu baba alipofariki. Vita ilipokuja tukavuka ziwa, na ujana wangu ukaishia kambini kule Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu mnakisoma bila kusumbuka. Nimeona mambo ambayo siyaandiki, uzi huu si wa hayo.

Ila moja la kambini lazima niliseme.

Ukiitwa kwenye interview ya kupelekwa nchi ya mbali, sheria ni moja: hadithi yako iwe ile ile. Anayekuuliza leo siye atakayekuuliza mwakani, lakini faili ni moja. Ukisema leo kwamba usiku ule mvua ilinyesha, na mwakani inyeshe. Kuna watu walirudishwa mwisho wa foleni kwa sababu ya mvua.

Wajanja wa kambi waliniambia, "Mtoe bibi kwenye kesi. Mzee yule, kifua kibovu, anawachelewesha. Nendeni, mtamwita baadaye."

Nikakataa. Kila mzungu aliyeniuliza nilimjibu vile vile: nina mama, bila yeye siendi. Na nilimwambia mama, mbele ya hawa watu hatusemi uongo, hata ukweli ukituchelewesha.

Ukatuchelewesha kweli. Walioanza nyuma yetu waliondoka, wakawa wananitumia picha wameegemea magari. Sisi bado tunapima kifua cha mama.

Haya. Tukafika Sydney.

Huku mama anaenda hospitali mara kwa mara, na mkalimani ni wa simu. Simu inakatika daktari yuko katikati ya maneno. Siku moja ilikatika kwenye "operesheni". Tukabaki watatu ndani ya chumba, mimi, mama na daktari, tunachekeana kama watu waliopigwa picha.

Nikasema basi, nitajifunza mwenyewe. Kwa hiyo wakuu muone kichekesho: hicho Kiingereza nilikifuata kwa ajili ya mama.

Darasa liko maktaba, Jumanne asubuhi, bure. Linaitwa conversation class. Hakuna daftari, ni kuongea tu mambo ya jamii ya kila siku. Kelele za majirani. Watoto na simu. Talaka.

Mwalimu anaitwa Glenda, mama wa kizungu mstaafu, anajitolea. Ana roho nzuri sana. Mtuhumiwa wa kwanza ni huyo.

Wanafunzi: Mwiraki mmoja fundi viatu, akina mama wa Kivietinamu wanaotoka Cabramatta, mimi, na Mama Furaha. Mama Furaha ni Mkongo mwenzangu, tunasali kanisa moja. Mumewe ni Shemasi Obedi. Hao ni mtuhumiwa wa pili na wa tatu.

Mwalimu Glenda ana kikombe chenye kadi. Ukichota ya kijani, unakubaliana na topic. Ukichota nyekundu, unapinga. Wewe mwenyewe unaamini nini, hakuna anayetaka kujua.

Wiki moja topic ilikuwa mbwa: alale kitandani na mwenye nyumba au asilale? Mama Furaha akachota kijani. Akasimama, akasema mbwa ni mtoto, alale kitandani, tena apewe mto wake. Mama Furaha! Mtu ambaye akiona mbwa njiani anavuka barabara huku anakemea kwa jina la Yesu. Tulicheka mpaka fundi viatu akafuta machozi.

Wiki iliyofuata topic ikawa: wazazi wakizeeka, wapelekwe nyumba ya wazee?

Nikachota kijani.

Nikamwambia, "Teacher, please, give me red."

Akatabasamu. "It's only practice, darling." Msishangae hiyo darling, huku hata dereva wa basi anakuita hivyo.

Nikamwuliza, "So I tell lie?"

"No, no! You give an opinion. And use examples from your own life."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniua. Mifano kutoka maisha yangu. Sasa maisha yangu yana wazee wangapi?

Nikasimama. Nikasema mama yangu ni mzee. Anaacha jiko linawaka. Anamfungulia kila anayegonga, siku moja nilikuta vijana wanaouza mikataba ya umeme wamekaa sebuleni wanakunywa chai yangu. Akipiga simu Uvira anapaza sauti ya kufika Uvira bila simu, na mimi nimetoka shift nataka kulala. Nikamalizia: "Nursing home is better. She is safe. I sleep good."

Wakuu, sijui maneno yalitoka wapi. Tangu nifike nchi hii sijawahi kuongea vile bila kukwama. Makofi! Akina mama wa Kivietinamu walisimama. Mwalimu Glenda akashika kifua, akasema, "So honest!"

Na Mama Furaha ameshika simu juu, anarekodi.

Alhamisi ni siku ya selule, yaani kikundi cha maombi cha akina mama, kinazunguka nyumba kwa nyumba. Mama huwa hakosi. Maombi yalipoisha Mama Furaha akatoa simu. "Njooni muone mtoto wa bibi anavyopiga Kiingereza!"

Wakamzunguka. Zawadi, mke wangu, alisimuliwa baadaye na wanawake waliokuwepo. Wanasema mama alipoiona sura yangu kwenye ile simu alipiga kigelegele. Akasimama, akawaambia wenzake, "Huyo, huyo nilimzaa miye!"

Halafu akauliza, "Anasema nini?"

Mama Furaha akatafsiri. Yote. Mpaka ile ya kulala vizuri.

Nilimpigia Mama Furaha nikiwa nimewaka. Akanijibu taratibu kabisa.

"Papa Ombeni, niliongeza neno hata moja?"

"Hukuongeza."

"Nilipunguza?"

"Hukuwaambia ni mchezo wa kadi!"

"Hakuna aliyeniuliza kama ni mchezo. Waliuliza unasema nini."

Jamani. Mwanamke huyu kambini angepita interview ya kwanza tu.

Turudi mlangoni basi.

Mama anaijua nyumba ya wazee kupitia Zawadi, maana ndiko anakofanya kazi. Zawadi huja na habari za wazee wanaovalishwa vizuri Jumapili, wanawekwa dirishani kungoja watoto, na watoto hawaji. Kwa hiyo ule mkao wa mama na kile kitenge nilivielewa. Alikuwa ameshaanza kazi ya kungoja.

Nikapiga magoti. "Mama, ule ni mchezo wa shule."

"Jiko niliacha linawaka, sikuacha?"

"Uliacha, lakini..."

"Na wale watoto wa umeme, niliwapa chai?"

"Uliwapa."

"Sasa mchezo uko wapi?"

Nikalishika begi miguuni pake.

Akanishika kichwa, kama zamani. "Mwanangu, miye sikukasirika. Kambini uliniambia mbele ya mzungu hatusemi uongo. Walikuuliza juu yangu ukasema kweli, ndiyo tukafika huku. Sasa mzungu amekuuliza tena juu yangu. Umejibu."

 

Nikasikia honi nje. Shemasi Obedi, na gari lake la abiria saba. Akaingia bila kuketi.

"Papa Ombeni, hatukuja kuhukumu. Tumekuja kuokoa. Sisi kwetu hatutupi wazee."

Nikamwambia, "Shemasi, hii nyumba ni ya mama."

"Video tumeiona wote," akasema, akabeba begi.

Mama akapita pembeni yangu. Mlangoni akageuka. "Sombe iko kwenye sufuria. Jiko nimezima."

Ndiyo hivyo akaenda Cabramatta, kwa Shemasi.

Jumapili yake mchungaji akawaita mbele Obedi na mkewe, mfano wa familia ya Kikristo. Makofi. Zawadi alinishika mkono nisisimame. Mama amekaa safu ya mbele, katikati yao, na kilemba kipya.

Nikamwendea mwalimu Glenda. Alishtuka, aliumia kweli, hilo nampa. Akakubali twende wote Cabramatta aongee na mama mwenyewe. Kwa mkalimani wa simu, sasa ungefanyaje.

Mkalimani akasema, kwa kile Kiswahili chake cha redioni, "Mwalimu anaeleza kwamba mwanao alikuwa akifanya mazoezi tu."

Mama akajibu, "Mwambie aksanti. Amezoea vizuri." Halafu akaongeza, "Muulize na yeye, mama yake anaishi wapi?"

Swali likaenda. Mwalimu Glenda akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema mama yake yuko nyumba ya wazee, nzuri sana, karibu na bahari, na yeye huwa anajitahidi kwenda...

Mama akanitazama kama hakimu aliyefunga faili.

Na simu ikakatika.

Lakini subirini, hamjasikia utamu wake. Jumanne iliyofuata mwalimu Glenda, kwa roho ile ile nzuri, akaona atutibu. Topic: ni sawa kumweka mtu mtandaoni bila kumwomba ruhusa?

Mama Furaha akachota nyekundu. Anapinga.

Akasimama, akajifunga kitenge vizuri. Akasema video moja inaweza kubomoa nyumba ya mtu. Akasema, "First you ask. It is respect." Akasema wengine wanacheka lakini mwenye video analia. Aliongea vizuri kuliko mimi. Darasa zima likapiga makofi, na mikono yangu pia, Mungu anisamehe, ilishapiga kabla sijaizuia.

Alipokaa nikamnong'oneza, "Mama Furaha, umesikia ulichosema?"

Akanijibu, "Papa Ombeni, ilikuwa kadi."

Mpaka leo mama yuko kwao. Tukikutana kanisani ananisalimia, "Papa Ombeni, mmeamkaje?" Si mwanangu tena, ni Papa Ombeni, kama wanavyoniita waumini wengine. Hospitali anapelekwa na Shemasi, na simu inawakatikia kama kawaida. Mimi Kiingereza ninacho sasa, nakitumia kiwandani kuombea zamu ya chai.

Zawadi humpelekea chakula. Mama anakula, anauliza habari za wajukuu. Akiambiwa arudi nyumbani anasema, "Kambini niliwachelewesha sana. Sasa siwachelewesheni tena."

Wakuu, mimi nikilala baada ya shift nyumba iko kimya kabisa. Hakuna anayepiga kelele na Uvira. Na silali.

Funzo kwa mlio ughaibuni: jifunzeni lugha, msiache. Ila mkiambiwa mtoe mifano, toeni mama wa mtu mwingine. Na nyie walimu wenye vikombe, ulizeni kwanza mtu ametoka wapi na maneno yake yalimgharimu nini, kabla hamjampa kadi.

Karibuni mchangie, hata kunitukana ruksa. Mliowahi kuondolewa doa la namna hii, mlifanyaje?

Lakini wewe Mama Furaha usichangie huku. Najua unasoma, ndiye uliyenionyesha jukwaa hili. Mama hawezi kunisikia mimi tena, na hawezi kumsikia mwalimu. Kigelegele alikipiga mbele ya wale wanawake, na aibu aliipatia pale pale, mbele yao.

Alhamisi hii selule iko nyumbani kwako. Mama atakuwepo, wanawake ni wale wale, na video bado unayo. Ifungue. Tafsiri tena, neno kwa neno kama unavyojua, kisha waambie na habari ya kile kikombe cha kadi.

Nitakuwa nimesimama nje ya mlango wako. Nataka nisikie ukimwambia.