Mwiko wa Bibi

Juzi stendi ya Makambako nilimwona mama mmoja akipakia kwenye basi beseni lenye sufuria, blanketi na mkaa, nikacheka mpaka konda akanikazia macho. Nilijua anakwenda kuuguza. Utotoni nisingejua.

Mchana mmoja nikiwa mdogo, nyumba yetu Njombe ilinukia moshi wa kuni za miwati na viazi vya kuchemsha. Shangazi alikuwa akifunga vitu vya Bibi: sufuria mbili, mwiko, unga, blanketi jipya, kitenge ambacho hakijawahi kuona maji. Wiki iliyotangulia dada yangu alikuwa ameolewa, akaondoka na vitu hivyohivyo, na hakurudi tena kulala kwetu. Nikajumlisha mwenyewe.

"Bibi, mimi mume wako nipo! Unaolewa na nani tena?"

Shangazi akaangua kicheko. Bibi akashika uvimbe wake wa shingoni, akasema bila hata kutabasamu, "Na daktari. Kesho ananichukua."

Nilijua bibi harusi hakosi mwiko. Basi Shangazi alipotoka nikauchomoa kwenye furushi, nikaufukia ndani ya gunia la viazi. Asiye na mwiko nani atamwoa?

Siku kadhaa baadaye Bibi alirudi, shingo imefungwa bandeji.

"Amekurudisha?" nikauliza.

"Amenirudisha, mume wangu. Shangazi yako kanisongea ugali kule hospitali kwa mwiko wa kuazima, aibu tupu. Wangu uko wapi?"

Sasa najua daktari aliondoa uvimbe tu. Lakini Bibi yupo hapa jikoni, anasonga ugali kwa mwiko uleule, na mimi siko tayari kumwachia daktari sifa zote.