Antene Iliyolala

Kampuni ya shaba ilikuwa imelala, simu zimekufa, na posta imebaki jengo. Mtu mwenye habari aliipeleka kwa televisheni ya mji, nayo ilisoma komunike saa kumi na mbili jioni: fulani amefika, fulani anatafutwa.

Mama mkwe wangu alikuwa njiani kutoka kaskazini, kwa treni isiyo na ratiba. Wiki ya tatu hiyo. Mke wangu hakuwa akikaa kwenye kiti tena, alikaa kwenye ukingo wake.

Nilinunua antene mtaani Katuba. Nikahesabu fimbo zake nane mara mbili mbele ya muuzaji, kisha nikaifunga kwenye mlingoti juu ya bati kama za majirani, wote watazamaji wa mpira kwa televisheni ya Zambia, ng'ambo ya mpaka: fimbo zimelala. Jioni zikaja picha mbili kwa pamoja. Msomaji wetu wa komunike alikuwa na shamba la mahindi kifuani, na mtu wa Zambia aliongea Kibemba juu ya sauti yake.

"Mama yangu iko wapi?" mke wangu akauliza. "Mi bananiambia tu niweke mbolea!"

Nikapandisha mlingoti. Mahindi yakanona.

Kesho yake nikarudi kwa muuzaji.

"Unatafuta mupira ao ya hapa?"

"Ya hapa."

"Basi, tata, picha ya Zambia inakuya ya kulala, ya hapa inakuya ya kusimama. Antene yako inalala, inashika mwenye kulala kama yeye. Simamisha fimbo."

"Bei gani?"

"Kugeuza? Bure."

Bei hiyo sikuizoea. Nikamwomba anipunguzie hivyo hivyo, akaniongezea kipande cha waya.

Jioni nikapanda, nikazigeuza fimbo robo mzunguko. "Hapo! Usipumue!" mke wangu akapiga kelele kutoka ndani. Nikakumbatia mlingoti, nikapaza sauti:

"Banasema nini?"

"Mama iko Kamina!" Sauti yake ilikuwa imeloa. "Iko muzima. Anakuya na kuku tatu!"

Siku nne baadaye treni ilifika. Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, kwa hiyo nilisimama mbali, karibu na nguzo, nikahesabu. Kuku wawili tu. Mama mkwe mmoja, amekonda, anacheka, mke wangu amemning'inia shingoni.

Kuku sikuwahesabu tena. Yeye nilimhesabu mara ya pili.